Hukumu ya Pilau ya Jioni

Mwaka 1984, nikiwa mwalimu kijana wa hisabati katika chuo cha ualimu, wahariri wa jarida la chuo waliniomba niandike makala kuhusu nchi niliyosomea. Nikaandika kurasa tatu juu ya Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, nchi ambayo wakati ule ilikuwa mojawapo ya jamhuri za Umoja wa Kisovieti. Kurasa mbili za kwanza hazina ubaya hadi leo. Nilieleza jinsi mji ulivyojengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la 1966, na jinsi sisi wanafunzi wa kigeni tulivyoshangilia treni ya chini ya ardhi ilipofunguliwa mwaka 1977. Ukurasa wa tatu ulihusu chakula, na hapo ndipo nilipotoa hukumu.

Nilisema kwamba watu wa Asia ya Kati hawaijui pilau. Nilisema yao ni wali uliozama katika mafuta ya kondoo yaliyoganda, usio na karafuu, iliki wala mdalasini, na kwamba mtu wa Tanga akiuonja mara moja hataomba tena. Wanachuo walicheka sana. Makala ilisomwa kwa sauti bwaloni, na kwa miaka mingi baadaye nilikutana na walimu shuleni waliokuwa wakilikumbuka lile neno la mafuta yaliyoganda. Mwalimu akisema jambo kwa uhakika husadikiwa, hata kama jambo lenyewe hakulichunguza.

Mwaka 2018 alinitembelea mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Kazi ilikuwa imempeleka Tashkent kwa wiki mbili. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za nyumbani, alisita kidogo kisha akasema, "Mwalimu, unisamehe. Pilau yao siyo ile uliyotuandikia." Nilimjibu kwa mzaha, lakini usiku sikulala vizuri. Wanangu walinichangia nauli, na Septemba 2019 nikasafiri kupitia Istanbul hadi Tashkent, mzee wa miaka sitini na saba, kwenda kusahihisha daftari langu mwenyewe.

Haya ninayoyaandika, msomaji wangu, ndiyo masahihisho hayo. Yatakufaa pia endapo safari itakufikisha katika miji ile na ukajiuliza ule wapi na unywe nini. Lakini nitangulize kusema kwamba swali la "wapi" ndilo linalopoteza wageni wengi. Vitabu vya kuongoza wasafiri hupanga majina ya hoteli na mitaa, huweka nyota tatu hapa na nne pale, na kusifu vitambaa vya meza na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza. Havikosei sana kuhusu mahali. Ila havimwambii mtu jambo lililo kubwa kuliko mahali, nalo ni saa.

Nianze na pilau yenyewe, ambayo Waizbeki huiita palov au osh. Hupikwa katika karai kubwa la chuma lenye kitako cha mviringo, juu ya moto wa kuni. Mpishi hutanguliza mafuta hadi yapate moto sana, akatia nyama ya kondoo au ya ng'ombe, vitunguu, kisha karoti nyingi zilizokatwa vijiti kwa kisu. Wengi huchanganya karoti za njano na za rangi ya machungwa. Humwaga maji, akaongeza bizari nyembamba na vichwa vizima vya vitunguu saumu, na mchuzi huo hutokota taratibu kwa muda mrefu. Mchele huja mwisho, ukatandazwa juu, ukanywa maji, ukafunikwa na kuiva kwa mvuke. Kwa pilau ya harusi ya Tashkent huongezwa dengu na zabibu kavu. Karafuu kweli hakuna. Lakini kuilaumu pilau ile kwa kukosa karafuu ni sawa na kumlaumu mtu kwa kutojua lugha ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha. Yenyewe hutegemea utamu wa karoti na harufu ya bizari, na ukiipa nafasi utaona inatosha. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliiingiza pilau ya Uzbekistan na ile ya Tajikistan katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kila nchi kwa utaratibu wake.

Sasa kuhusu saa. Karai hupikwa asubuhi kwa ajili ya mchana. Likishafunuliwa, watu hula, na likiisha limeisha. Hakuna anayepika jingine kwa ajili ya mgeni aliyechelewa. Mafuta ya kondoo yana tabia moja ambayo mafuta yetu ya nazi nayo yanayo kwa kiasi chake: yakiwa ya moto huteleza na kuupa wali mng'ao, yakipoa hugeuka kuwa utando mweupe unaong'ang'ania kaakaa. Kwa hiyo pilau ya saa sita mchana na pilau ileile iliyopashwa saa mbili usiku ni vyakula viwili tofauti. Wahenga wetu walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Tashkent hata leo yenyewe imegawanyika: kuna mla wa mchana na mla wa jioni.

Niliikagua kanuni hiyo kwa kwenda katika kile kituo kikubwa cha pilau kilicho karibu na mnara wa televisheni, ambacho sasa huitwa Besh Qozon, maana yake Makarai Matano. Nilifika saa tano na nusu asubuhi. Makarai yako nje, mbele ya macho ya watu, na unaweza kusimama ukamtazama mpishi akiinua mchele kwa mwiko mpana mithili ya koleo. Ukumbi ni mkubwa na wenye kelele, wala hauna uzuri wa kusimulia. Waliokuwa wakila ni makarani, mafundi, wanafunzi, na familia zilizokuja na bibi zao. Nililetewa sahani ya pilau yenye yai la kware na vipande vya soseji ya nyama ya farasi juu, kachumbari ya nyanya na vitunguu vilivyokatwa vyembamba, mkate, na birika la chai. Nilikula bila kusema neno. Kila punje ya mchele ilisimama peke yake. Karoti zilikuwa zimeyeyuka nusu. Mafuta yalikuwepo, tena mengi, lakini yalikuwa ya moto na chai ilikuwa ikiyaondoa kwa kila funda. Ilipofika saa nane mchana niliona karai moja likisuguliwa, tupu kabisa.

Hapo ndipo nilipofika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu mwanzo wa makala hii.

Katika miaka yangu ya masomo, sisi wageni tulikula katika bwalo la wanafunzi: kabichi, viazi, nyama ya kusaga, na maji ya matunda yaliyochemshwa. Nyumba za chai za mji wa kale, walimokaa wazee wenye kofia za pembe nne wakicheza sataranji, niliziona kuwa alama ya mambo yaliyopitwa na wakati. Mwaka 1978 mwalimu wangu mmoja alimwoza mwanawe. Kwa desturi yao, siku ya harusi wanaume wa mtaa hualikwa kula pilau alfajiri, baada ya sala na kabla ya kwenda kazini. Alitualika sisi watatu kutoka Afrika, tena alikuja mwenyewe hadi bwenini. Usiku ule nilisema kwa sauti ya dharau, "Nani anakula pilau saa kumi na moja alfajiri?" Nikalala. Wenzangu walikwenda.

Kesho yake darasani mwalimu aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Jioni mmoja wa wanawe alinibishia mlango akiwa na bakuli lililofungwa kwa kitambaa: pilau ya harusi waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya mgonjwa. Ilikuwa imekaa siku nzima na usiku mzima. Niliipasha nusunusu kwenye jiko la bweni, nikala vijiko vitatu, nikaimwaga iliyobaki. Hiyo, msomaji wangu, ndiyo pilau niliyoihukumu katika jarida mwaka 1984. Ilikuwa zawadi ya mtu niliyemdanganya, iliyofika kwangu imechelewa kwa sababu yangu mwenyewe, nami nikaiandika kana kwamba ndiyo chakula cha taifa zima. Wanachuo walipocheka, walikuwa wakiicheka hisani ya mtu yule bila kujua.

Baada ya kusema hayo, naweza kuendelea na safari kwa moyo mwepesi.

Kutoka Tashkent nilipanda treni ya mwendo kasi hadi Samarkand, safari ya saa mbili na kitu. Huko pilau haichanganywi. Wali huwekwa chini, karoti juu yake, nyama juu ya vyote, na mlaji huchanganya mwenyewe akipenda. Mimi nilipenda zaidi ya Samarkand kuliko ya Tashkent, kwa kuwa mafuta yake hayakunielemea. Lakini usiende Samarkand kwa ajili ya pilau pekee. Nenda soko la Siyob, jirani na msikiti mkubwa wa Bibi Khanym, asubuhi na mapema, ukanunue mkate. Mkate wao ni wa duara, mzito, unang'aa, na katikati una nakshi iliyopigwa kwa muhuri wa misumari. Huokwa kwa kubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo. Neno tanuri, kama yalivyo pilau, chai na sambusa, ni letu na lao pia, kwa kuwa yote yalisafiri kwa ndimi za Waajemi na Waarabu, mengine kwa misafara ya ngamia, mengine kwa majahazi. Mkate huo haukatwi kwa kisu wala haulazwi kifudifudi. Humegwa kwa mkono. Mama mmoja sokoni aliniona nimeugeuza, akaurudisha upande wake bila kunikemea, kama mtu anavyomrekebishia mtoto kola ya shati.

Sambusa yao, samsa, nayo hubandikwa ukutani mwa tanuri badala ya kukaangwa. Ila ipokee kwa tahadhari: ndani kuna nyama, vitunguu na mafuta yanayochemka. Ing'ate pembeni kwanza, hewa itoke. Saa yake ni asubuhi hadi adhuhuri. Samsa ya jioni ni ganda.

Bukhara ilinifundisha kinyume cha haya. Pale katikati ya mji wa kale lipo bwawa la Lyabi-Hauz, lililochimbwa mwaka 1620, limezungukwa na miforosadi mizee na majengo ya karne ya kumi na sita na ya kumi na saba. Ni mahali pazuri pasipohitaji kusifiwa na mimi. Kwa sababu hiyohiyo, hoteli moja ya kando ya maji iliniletea usiku pilau ya mchana, iliyopashwa, kwa bei ya juu. Nilitabasamu, maana nilikuwa nimekutana na adui yangu wa zamani. Nilirudi kesho yake saa kumi alasiri nikaagiza chai tu, nikakaa juu ya jukwaa la mbao lililotandikwa magodoro, na nikaridhika kabisa. Ushauri wangu ni huu: mahali penye mandhari nzuri lipia kivuli, lakini chakula kafuate kule waliko wafanyakazi.

Chai yenyewe ina adabu zake. Wengi wa Bukhara na Samarkand hunywa ya kijani, ilhali Tashkent utakuta ya rangi nyeusi kwa wingi. Mwenyeji humimina kwenye kibakuli kisicho na mkono, akairudisha birikani, mara tatu, ndipo ianze kunywewa. Kisha hukumiminia kidogo tu, nusu au pungufu. Wakati wa ujana wangu nilidhani ni ubahili. Sivyo. Kukumiminia kidogo ni kukwambia kwamba atapenda kukumiminia tena. Kibakuli kilichojazwa hadi juu ndicho kinachomwambia mgeni kwamba muda wake umekwisha. Sisi tuna mgahawa, ambao umepata jina lake kwa kahawa. Wao wana choyxona, nyumba ya chai. Kazi yake ni ileile ya baraza zetu za pwani, ambako mzee hunywa kahawa chungu kwa kikombe kidogo ili apate sababu ya kuketi na wenzake. Nilipitia nyumba hizo miaka mitano nikiwaona wazee wavivu. Sasa mimi ndiye mzee, na hakuna aliyeniita mvivu.

Nilimalizia safari Almaty, nchini Kazakhstan, na Bishkek, mji mkuu wa Kirgizia. Hii ni nchi ya wafugaji, na hapa saa hugeuka kuwa majira. Katika Soko la Kijani la Almaty utaona nyama ya farasi imepangwa kwenye meza safi kuliko bucha nyingi nilizozijua. Jirani yake wanawake wenye asili ya Korea wanauza kachumbari ya karoti yenye pilipili na siki. Wazee wao walihamishwa kwa nguvu kutoka Mashariki ya Mbali mwaka 1937 kwa amri ya Stalin. Kabichi waliyoizoea haikupatikana kwa urahisi, wakaunda kachumbari yao kwa karoti, na leo hakuna soko katika nchi zile lisilokuwa nayo. Onja, na ujue unakula nini. Chai ya Wakazaki ni nyeusi yenye maziwa, nayo itamliwaza mtu yeyote aliyekulia kwetu.

Bishkek, katika soko la Osh, kula laghman saa ya mchana: tambi ndefu zinazovutwa kwa mikono, na mchuzi wa nyama na mboga, kazi ya Wadungani na Wauighuri waliotoka upande wa China. Kando ya barabara wakati wa joto huuzwa maksym, kinywaji cha nafaka kilichochachuka. Nilipokionja nilicheka peke yangu. Ni ndugu wa togwa.

Ipo sehemu ya hukumu yangu ya zamani ambayo siitengui. Vile vidonge vya maziwa ya mgando vilivyokaushwa kwa chumvi, qurt, bado naviona kama mawe ya kuchezea bao. Mafuta ya mkia wa kondoo si ya kila siku kwa mtu wa umri wangu, hata yawe ya moto namna gani. Na ile pilau ya alfajiri ya harusi, pamoja na uzuri wake, ni karamu ya wanaume. Mke wangu asingepata mlango, na sioni sababu ya kulinyamazia hilo. Kuhusu kumys, maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa na yenye kileo kidogo, sitoi hukumu kabisa. Niliyanywa sokoni mwezi Septemba na sikuyapenda. Wenyeji waliniambia yana msimu wake, mwanzo wa kiangazi, malishoni milimani, yakiwa yametoka kukamuliwa na kusukwasukwa siku hiyo. Nimekwisha kuadhibiwa mara moja kwa kuhukumu kitu nje ya saa yake.

Kwa hiyo ukienda, panga siku yako hivi. Asubuhi, mkate wa moto na samsa. Kati ya saa tano na nusu na saa saba, pilau, mahali penye karai linaloonekana na watu waliotoka kazini. Alasiri, chai mahali penye kivuli. Jioni, mishikaki inayochomwa mbele yako, kwa kuwa hiyo haiwezi kupashwa bila kujulikana. Ukikuta pilau kwenye orodha ya usiku, agiza supu.

Siku mbili kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa Tashkent tena, katika nyumba ya wageni ya mtaa wa kale. Mwenye nyumba, kijana wa kama miaka thelathini, aliniambia kwamba jirani anaoza na alfajiri kutakuwa na osh. "Njoo, ota," alisema, maana yake baba. Mwalimu wangu alikwisha kufariki miaka mingi, na nyumba yake sikuipata; mtaa umevunjwa na kujengwa maghorofa. Niliamka saa tisa na nusu usiku kwa hofu ya kupitiwa na usingizi. Tuliingia, tukanawa, tukaketi kwenye meza ndefu, sahani moja watu wawili. Mwenzangu alikuwa mzee asiyejua Kirusi vizuri kuliko mimi. Alisukuma vipande vya nyama upande wangu wa sahani, nami nikavisukuma upande wake, hadi tukacheka. Pilau ilikuwa ya moto. Baada ya dakika ishirini na tano hivi dua iliombwa, watu wakainuka, wengine wakaenda kazini, na kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri.

Nimewaandikia wahariri wa jarida lile kuomba nafasi ya masahihisho, nikajibiwa kwamba halichapishwi tena. Ndiyo maana nimeyaweka hapa.